Riwaya Iliyofanyiwa Matanga

Saleh Mbarak alipomaliza kuchapa ukurasa wa mwisho wa riwaya yake, mtu wa kwanza kuilalamikia alikuwa Walubengo, mwenye duka la kuchapa barua ambamo Saleh alifanya kazi, na mwenye taipureta yenyewe.

"Maiti iko wapi?" Walubengo aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya Saleh na kikombe cha chai, shingo imechungulia kama ya korongo. "Nimesoma ya mwisho hapa, maiti siioni."

"Hakuna maiti."

"Na huyu karani?"

"Hajulikani alipo."

"Bwana Saleh! Kurasa mia na sitini, mpelelezi anazunguka na kofia yake kutoka Kisumu mpaka Mwanza, ananyeshewa, anang'atwa na mbu, halafu mimi msomaji naambiwa hajulikani alipo? Si hiyo nilikuwa naijua hata kabla sijafungua kitabu?"

"Kwani umeanza kusoma mwishoni?"

"Kila mtu anaanza mwishoni. Nani ana muda?"

Saleh alimjua mtu mwingine aliyekuwa akisoma hivyo.

Riwaya yenyewe aliiita *Koti Kwenye Msumari*. Ni ya mwaka 1926, enzi za meli za mvuke. Karani wa mizigo anapanda meli Kisumu pamoja na marobota ya pamba, na meli inapofika Mwanza karani hayumo. Koti lake linaning'inia kwenye msumari, chai yake mezani bado inafuka moshi, na ziwa limetulia kama maji ya beseni. Mwaka huo Saleh hakuwa amezaliwa, wala mama yake, lakini alikuwa na mbinu zake. Kila mwisho wa mwezi wazee wa reli na meli walipopanga foleni ya pensheni, Saleh alipita na karanga za kukaanga. Mzee akipewa karanga, anaulizwa swali. Meli ilikuwa inachoma kuni au makaa? Karani alilala wapi? Nani alishika ufunguo wa stoo? Wazee walijibu kwa furaha, na pale wasipojua walidanganya kwa furaha zaidi, na yote yakaingia kitabuni.

Swali moja tu hakuwahi kuwauliza, nalo ndilo lililomkalisha mbele ya taipureta kila saa ya chakula cha mchana kwa miaka miwili.

Baba yake, Mbarak, naye alikuwa karani wa mizigo melini. Huyu hakuwa wa 1926. Alikuwa wa juzi juzi, wa 1977. Aliondoka asubuhi moja ya mwanzo wa mwaka, akamwachia mkewe koti lake lipachikwe kifungo. "Nitalivaa nikirudi Alhamisi," alisema, akashuka kuelekea gatini akipiga mluzi. Kabla Alhamisi haijafika, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika kama sahani, kila nchi ikaokota kipande chake: ndege huku, meli kule, na mpaka ukafungwa. Meli ya Mbarak ikabaki upande wa pili, na Mbarak akabaki nayo. Barua mbili zilikuja kwa mikono ya watu, zikizungukia Uganda. Ya tatu haikuja. Mpaka ulipofunguliwa mwishoni mwa 1983, Rehma, mama yake Saleh, alikaanga vitumbua vya kutosha mtaa mzima wa Kaloleni, akavaa kanga mpya, akaketi kibarazani siku tatu. Watu walirudi. Vitumbua vikachacha.

Sasa ilikuwa 1992. Kifungo kilikuwa kimeshapachikwa miaka kumi na mitano iliyopita, na bado kila Alhamisi Rehma alilitoa koti sandukuni, akalianika juani, akalikung'uta, akalirudisha na kafuri mpya mifukoni.

"Dada, twende kwa kadhi," kaka yake, Mzee Yahya, alimwambia kila Ramadhani. "Akufungulie hiyo ndoa. Ukae eda yako miezi minne na siku kumi, umalize, uwe mtu kati ya watu. Sasa hivi wewe si mke, si mjane. Wewe ni nini?"

"Nikae eda ya nani?" Rehma alijibu. "Maiti umeiona?"

Ndiyo maana riwaya ya Saleh haikuwa na maiti. Zamani ilikuwa nayo. Mwanzoni karani alikutwa amekufa chini ya marobota ya pamba, kwa utaratibu mzuri kabisa unaokubalika na wasomaji wote. Lakini Saleh alikuwa na kawaida ya kumsomea mama yake kurasa mpya Jumapili mchana, mama akichagua mchele. Siku ya marobota, Rehma aliinuka na ungo wake, akaingia ndani, asizungumze na mwanawe mpaka Alhamisi. Alhamisi, akiwa analikung'uta koti, akasema bila kugeuka, "Mtoe huyo mtu chini ya pamba."

Saleh akamtoa.

Na hapo ndipo alipoanza kujua anachokifanya. Baba yake alipenda riwaya za upelelezi kuliko chakula. Melini alikuwa nazo mfuko mzima, na kila mpya aliyoipata aliifungua ukurasa wa mwisho. "Nataka kujua kwanza kama mtu wao anarudi nyumbani," alikuwa akimwambia Saleh mdogo. "Kama harudi, sijisumbui." Mtu wa namna hiyo, Saleh aliwaza, kama anapumua popote pale, siku moja atapita mbele ya kitabu. Lazima kitabu chenyewe kiwe pale mbele yake.

Kilichapwa na mtu mmoja mwenye mashine nyuma ya soko, ambaye Saleh alimlipa kwa kumchapia kadi za harusi miezi minne. Kwa jalada, mchoraji alitaka zaidi ya walichokuwa nacho, kwa hiyo Saleh akatoa picha ya studio ya baba yake, ya mwaka 1975: tai, nywele zimechanwa upande, jicho moja limekaribia kucheka. Tangazo la uzinduzi likawa kazi ya Walubengo, aliyejiona bingwa wa matangazo tangu duka la mbolea limsifu.

Walubengo alilipanga kwa mikono yake. Picha ya Mbarak katikati. Juu yake, kwa herufi kubwa: ALIPOTEA ZIWANI. Chini yake: HATIMAYE UKWELI UMEPATIKANA. NJOO JUMAMOSI SAA NANE, UKUMBI WA KALOLENI. WOTE MNAKARIBISHWA. Na kwa sababu karatasi ilionekana tupu pembeni, akaizungushia mstari mnene mweusi. "Inakaa kiofisi," alisema. Neno *riwaya* alilitia pia, pale chini kabisa, kwa ukubwa wa sisimizi.

Walibandika sokoni Kibuye, stendi ya mabasi, Nyalenda kwenye kila bomba la maji, na mpaka Kisian kando ya barabara ya Busia. Milimani walibandika matatu, yakabanduliwa na walinzi kabla wenye nyumba hawajaamka.

Jumamosi saa nane kasorobo, ukumbini walikuwa wawili, na vitabu hamsini mezani. Walubengo alikuwa amevaa tai. Saa nane kamili wakasikia sauti kutoka upande wa Nyalenda.

"Watu wanakuja!" Walubengo alirukia mlangoni. "Nilikwambia tangazo ni kali!"

"Wanalia, Bwana Walubengo."

"Ni furaha."

"Furaha na kuni kichwani?"

Mbele alikuwa Mama Beldina, mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka mabeseni ya plastiki Mwanza na kurudi na mchele. Alikuja mbio, kanga kiunoni, mikono juu ya kichwa, akilia ule uwiii wa kufungulia matanga unaosikika hadi mtaa wa tatu. Nyuma yake wanawake na kuni, sufuria, na kuku wawili wenye mashaka. Nyuma ya hao, Nicodemus, katekista wa Kisian, na kwaya nzima, ngoma zimetangulia. Mama Beldina hakusimama mpaka alipomkumba Saleh kifuani.

"Nyathina! Mwanangu, pole! Mbona hamkututumia neno mapema? Tukajua kwa ukuta kama watu baki! Mwili umefika?"

"Mwili gani, Mama?"

"Ya baba yako! Si mmebandika?"

Saleh aligeuka akatazama tangazo lililokuwa limebandikwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza akaliona kama lilivyo. Picha. Mstari mweusi. Alipotea, amepatikana, njooni Jumamosi. Katika mji mzima wa Kisumu hakuna mtu ambaye angesoma vile akawaza kitabu.

"Walubengo," alisema polepole.

"Naona," Walubengo alisema. Alikuwa ameshaanza kuivua tai.

Lakini mtu aliyefika na kilio hawezi kuambiwa akimeze. Nicodemus alikuwa ameshapanga mabenchi, moto umeshawashwa nje, kuku mmoja ameshamaliza mashaka yake. Vitabu vilisogezwa kando vipishe sufuria. Kisha, kama inavyofanywa, wakaanza kusimama mmoja mmoja, kila mtu aseme alivyomjua marehemu. Mama Beldina alisimulia jinsi Mbarak alivyomwandikia mzigo wake kwanza siku ya mvua. Mwingine akasimulia deni la sukari, akalisamehe mbele ya watu. Saleh aliketi kwenye benchi la mbele walilomsukumia, akijua kwamba alipaswa kusimama mapema akasema *jamani, ni hadithi tu*, na kwamba sasa hataki tena kusema. Miaka kumi na mitano hakuwahi kusikia jina la baba yake likitajwa na watu wengi hivyo.

Mwisho akasimama mzee mwembamba, Oduor, aliyekuwa akitia makaa kwenye meli ile ile.

"Mimi ndiyo mtu wa mwisho kuona yeye," Oduor alisema. "Ile siku tulipangwa pale gatini Mwanza. Wa Kenya simama huku, wa Tanzania kule, wa Uganda pale. Sisi wote tukakimbia kwa laini zetu, maana lori ya kutuleta nyumbani ilikuwa inanguruma. Mbarak akabaki katikati. Nyinyi mnajua mama yake alikuwa wa Ujiji, baba yake wa Mumias. Mkubwa mmoja wa pale gatini akamuuliza, wewe wa wapi? Mbarak akasema, 'Mimi wa ziwani.'"

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matangani kinachojifunika mdomo.

"Yule mkubwa hakucheka. Akasema basi wewe ngoja kando kwanza. Lori ikaondoka. Mimi niliangalia nyuma, nikaona yeye amekaa juu ya robota la pamba. Alikuwa anacheka. Akanipungia mkono." Oduor alivua kofia. "Nilitaka kuambia Mama Saleh hii maneno. Miaka yote nikipita kwake, naona hilo koti kwa kamba, nashindwa."

"Sasa umeniambia."

Wote waligeuka. Rehma alikuwa mlangoni na sinia la vitumbua alivyovikaangia wageni wa kitabu. Haikujulikana amesimama pale tangu lini. Aliliweka sinia juu ya vitabu, taratibu, akalifunua.

"Mmekuja kumlilia nani?" aliuliza.

Hata ngoma zilionekana kuinama.

"Kuleni," alisema. "Ni vya moto. Hapa hajafa mtu." Akaondoka.

Kuanzia Jumatatu, kila alipopita Rehma alipewa pole. Muuza mkaa alimpa pole. Mwalimu wa madrasa alimpa pole na dua. Kibuye, mwanamke asiyemjua kabisa alimshika mkono akamwambia Mungu atampa nguvu. Mzee Yahya akaja na furaha aliyojaribu kuificha. "Mji umeshakubali, dada. Bado wewe tu."

Jioni ile Rehma alimwambia mwanawe, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, "Umemzika baba yako kwa gundi na karatasi."



Asubuhi yake Rehma alitoka na ndoo ya maji, kitambaa, na ule upawa bapa wa kugeuzia vitumbua. Saleh akaibeba ndoo bila kuombwa. Walianzia Kibuye. Alipotaka kukwangua, mama alimzuia mkono. "Utamchana uso." Alilowesha karatasi, akangoja, akaingiza upawa chini ya ukingo kidogo kidogo mpaka Mbarak akatoka mzima, akamkunja kwapani. Ukuta baada ya ukuta. Watu walisimama kutazama, wakaona haya, wakaenda zao.

Kwenye bomba la Nyalenda, wakingoja gundi ilainike, Rehma akauliza, "Oduor alisema alikuwa anacheka?"

"Ndiyo, Mama."

"Anacheka vipi?"

"Hakusema."

"Ungemuuliza." Akapitisha kitambaa juu ya paji la uso la mumewe. "Alikuwa na vicheko viwili. Kimoja cha kufurahi. Kingine cha kuogopa. Ungemuuliza ni kipi."

Matangazo arobaini na moja yaliingia sandukuni, chini ya koti.

Mama Beldina alikuja kuomba radhi Jumapili, amebeba kuku aliyebaki. Alikaa ukingoni mwa kiti. "Min Saleh, Mama Saleh, mimi nilisoma juu tu. Chini sikufika. Nani anasoma chini na machozi kwa macho?" Kisha akamgeukia Saleh. "Hiyo kitabu, nipe kumi. Naenda Mwanza wiki ijayo. Nitaweka pale mezani pamoja na mabeseni. Kwa huku hakuna mtu atanunua. Nani ananunua kitu kwa matanga?"

Saleh alimfungia vitabu kumi ndani ya gazeti, akafunga kamba, akaongeza fundo moja lisilohitajika. Rehma aliliona lile fundo, lakini akajishughulisha na kuku.

Wiki tano hazikuwa na neno. Walubengo alijaribu kuuza vitabu dukani kwake, akiwaambia wateja kwamba kitabu hiki kina nguvu, kimeua mtu aliye hai. Viliuzwa vinne. Saleh alichapa barua za watu za kuomba kazi, na kila herufi aliyoipiga ilitaka kwenda Mwanza.

Mama Beldina alirudi siku ya Alhamisi. Koti lilikuwa kwenye kamba. Alitua mfuko wa mchele, akatoa gazeti lile lile, na ndani yake vitabu tisa.

"Moja ilienda," alisema. "Mimi sikuwa mezani. Nilikuwa napakia mchele. Alikuwa Dorca, mke wa shemeji yangu, na yeye ni wa huko, hajui nyinyi. Aliniambia mzee mmoja alisimama pale. Akaangalia picha. Akaangalia sana. Halafu akafungua kitabu nyuma."

Rehma aliacha kukung'uta. "Nyuma wapi?"

"Ukurasa ya mwisho. Dorca akamwambia, mzee, hivyo unajiharibia utamu. Yeye hakujibu. Alimaliza, akafunga, akalipa, hata chenji hakungoja. Dorca aliita yeye na chenji mkononi, lakini alikuwa ameshaingia ndani ya watu."

"Mrefu?"

"Dorca anasema alikuwa ameinama anasoma, atajuaje urefu?"

"Anafanana na picha?"

"Nilimuuliza hiyo pia. Akasema wanaume wakizeeka wote wanafanana."

Saleh alimwona Walubengo mbele ya macho yake, na kikombe chake cha chai. *Kila mtu anaanza mwishoni.* Alifungua mdomo amwambie mama. Rehma alikuwa amelishusha koti kwenye kamba, amelishika mabegani kama mtu anayempima mtu mwingine mbele yake, kidole gumba kwenye kile kifungo. Saleh akaufunga mdomo.

"Basi la Mwanza linaondoka lini?" Rehma aliuliza.

"Jumamosi asubuhi, Min Saleh. Lakini..."

"Utanionyesha meza ya Dorca. Mtu aliyenunua mara moja atapita tena. Nitakaa pale."

Mzee Yahya alikuja kukataza, akakuta dada yake anafunga mzigo. Alizungumza nusu saa. Rehma alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, maana ni kaka yake mkubwa. "Nikirudi peke yangu," alisema, "nitakwenda kwa kadhi mwenyewe, hutanisindikiza. Nitakaa eda yangu siku zote, sitapunguza hata moja. Lakini nikitoka huko." Mzee Yahya akamsaidia kukaza kamba.

Jumamosi, stendini, Rehma alilivaa koti. Lilimfika magotini, na jua la Kisumu lilikuwa limeshaanza kazi. Utingo alimtania, "Mama, huko Mwanza kuna theluji?" Rehma akamwambia apande juu afunge mzigo vizuri, aache mdomo.

Saleh alisimama chini ya dirisha lake. "Mama. Na kama si yeye?"

"Nitajua kuwa si yeye. Hata hilo moja sijawahi kupewa."

"Na kama ndiye, na ana mke?"

Rehma alifikiri. Hakuwa ameulizwa jambo geni, mtaa ulikuwa umemnong'onea hilo miaka mingi. "Nitamsalimia mkewe," alisema. "Halafu nitampa mumewe koti lake. Alisema Alhamisi."

Basi likaondoka. Saleh alilitazama mpaka likapinda, akaendelea kutazama pale lilipopindia. Mkono wake ulikuwa bado juu, na alishangaa kugundua kwamba alikuwa anacheka, na hakujua ni kicheko kipi kati ya vile viwili.

Nyumbani hakukuwa na mtu. Kwa hiyo aligeuza kreti ya soda pale pale stendini, akapanga juu yake vitabu tisa, na akakaa pembeni, mahali ambapo kila basi la kutoka kusini lazima lipite. Alikaa Jumamosi ile, na zilizofuata.

Jumamosi ya tatu alisimama mbele yake mwanamke mwenye kikapu cha samaki. Alilitazama jalada, akakichukua kitabu, akakigeuza, akafungua nyuma. Alisoma midomo ikicheza, mpaka mstari wa mwisho, pale koti linapobaki kwenye msumari.

"Sasa," alisema, amekasirika kidogo, "huyu karani alirudi ama hakurudi?"

Saleh alitazama barabara.

"Bado hatujajua," alimjibu. "Mama amekwenda kuangalia."